Maswali ya Wasomaji Kuhusu Magari: Je, Niuze Forester Yangu ya Kawaida Ninunue Yenye Turbo?

Barua nyingi zilizotufikia kipindi hiki zinauliza jambo moja kwa sura tofauti. Msomaji ana gari zuri la kawaida, ameliona toleo lenye nguvu zaidi la gari hilohilo, na sasa anataka kujua kama inafaa kuuza, kuongeza fedha na kuhama. Tumechagua barua tatu. Ya kwanza imejibiwa kwa urefu kwa kuwa inagusa karibu kila jambo ambalo mtu anapaswa kulipima kabla ya kutoa fedha yake.

SWALI: Salaam kwako mwandishi na wote mnaoandaa safu hii. Mimi ni mfanyabiashara wa vitenge na nguo za watoto mjini Iringa. Mara mbili kila mwezi huendesha mwenyewe hadi Kariakoo kuchukua mzigo, na gari langu ni Subaru Forester 2.0X ya mwaka 2010, otomatiki, isiyo na turbo. Halijawahi kunilaza njiani. Shida yangu ni safari ya kurudi. Nikiwa nimepakia mpaka siti za nyuma, nikifika mlima wa Kitonga gari linalia bila kwenda, na kila nikitaka kulipita lori napata wasiwasi kwa sababu naona sina nguvu ya kumaliza nilichokianza. Kuna kijana Dar es Salaam anauza Forester XT ya mwaka 2014 yenye turbo. Ameniambia imebadilishwa ekzosi na kuongezwa nguvu kwa kompyuta kutoka farasi 280 hadi 320. Nikiuza langu nitalazimika kuongeza shilingi milioni 14, ambazo ndizo akiba yangu yote. Mume wangu anasema nitakuwa nafanya biashara kwa ajili ya kulinunulia gari petroli. Naomba unishauri kama ambavyo ungemshauri dada yako. — Msomaji, Iringa

JIBU: Dada yangu, unachokisikia Kitonga si hofu tu, kina sababu ya kiufundi. Injini isiyo na turbo hutegemea mgandamizo wa hewa iliyopo nje ili kujaza silinda zake, na hewa hiyo huwa nyepesi kadiri unavyopanda juu ya usawa wa bahari. Kwa makadirio yanayokubalika, injini ya namna hiyo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu yake kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Forester yako ilitoka kiwandani na nguvu farasi 148. Ukiwa Kariakoo unazo karibu zote, lakini Iringa mjini, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,500, zimebaki kama 125. Bahati mbaya ya biashara yako ni kwamba Kitonga unaishuka gari likiwa tupu na unaipanda likiwa limejaa, hivyo mlima, mzigo na hewa nyepesi vinakukuta kwa wakati mmoja.

Turbo ni feni mbili ndogo zilizofungwa kwenye mhimili mmoja, ya kwanza ikizungushwa na moshi unaotoka kwenye injini na ya pili ikisukuma hewa kwa nguvu kuingia ndani ya silinda. Hewa ya nje ikiwa nyepesi, turbo huzunguka kwa kasi zaidi na kufidia sehemu kubwa ya pengo, na hii ndiyo sababu magari yenye turbo hayachoki sana milimani. XT ya 2014 ina injini ya lita 2 kama ya kwako, ila inatoa farasi 280. Muhimu zaidi kwa mtu mwenye mzigo ni nguvu yake ya kuvuta, ambayo ni Nyutoni-mita 350 kuanzia mizunguko 2,000 hivi kwa dakika, wakati yako inafikia kama 190, tena baada ya injini kupita mizunguko 3,000. Madalali hupenda kutaja farasi. Wewe uliza hiyo nguvu ya kuvuta na mizunguko inakoanzia, kwa sababu ndiyo inayoamua kama gari litapanda kwa utulivu au kwa kelele.

Kuhusu kulipita lori, naomba tupige hesabu pamoja, kwa kuwa hapa ndipo usalama wako ulipo. Chukua lori lenye tela, urefu wa mita 20, linakwenda kilomita 60 kwa saa kwenye sehemu iliyonyooka. Unaanza kulipita ukiwa mita 30 nyuma yake na unarudi upande wako ukiwa mita 30 mbele yake, kwa hiyo una mita 80 za kulizidi. Ukilipita kwa wastani wa kilomita 80 kwa saa, kazi hiyo inachukua sekunde 14 na kidogo, na katika muda huo umetembea mita 320. Basi linalokuja mbele yako kwa kilomita 80 nalo limetembea mita 320. Maana yake unahitaji barabara tupu ya mita 640 kabla hujatoka nyuma ya lori. Gari lenye uwezo wa kufikisha haraka wastani wa kilomita 100 litamaliza kazi hiyohiyo kwa sekunde 7 hivi, na umbali unaohitajika utashuka hadi karibu mita 360. Tofauti hiyo ni kubwa, na ndiyo hoja nzito kuliko zote inayoweza kutolewa kwa ajili ya turbo kwenye barabara zetu za njia mbili.

Lakini zingatia kwamba hesabu hiyo inahusu sehemu iliyonyooka. Nguvu hupunguza muda unaokaa upande usio wako, haiongezi hata mita moja ya kile unachokiona mbele yako. Ndani ya Kitonga kwenyewe, kona zikifuatana, ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande wa pili, hakuna injini inayokupa haki ya kulipita lori mahali ambapo huoni mwisho wa kona. Kama hilo ndilo ulilokuwa unalitazamia kutoka kwa XT, nakuomba kwa moyo wote ulifute. Panda nyuma ya lori mpaka juu, dakika utakazopoteza ni chache. Turbo itakusaidia baada ya hapo, kuelekea Ilula, na kabla ya hapo, kwenye sehemu ndefu zilizonyooka ambazo unaona mbali. Na ukiwa ndani ya hifadhi ya Mikumi haina kazi kabisa, kwani pale mwendo ni wa taratibu kwa gari la kila aina na mnyama haulizi una farasi wangapi.

Kabla ya kuzungumzia gari la kijana wa Dar es Salaam, kuna kazi ndogo ya kufanya kwenye lako. Gari la mwaka 2010 lililobeba mzigo mzito kwa miaka huenda limepoteza nguvu nyingine mbali na zile zinazopunguzwa na mwinuko. Mwambie fundi apime kompresheni ya silinda zote nne na akuandikie namba zake kwenye karatasi, aangalie plagi, asafishe njia ya hewa, na ahakikishe kikatalisti cha kwenye ekzosi, yaani kile kinachosafisha moshi, hakijaziba, maana kikiziba gari hukosa pumzi mlimani huku mjini likionekana zima. Aangalie pia oili ya giaboksi. Na ulizia kama mkanda wa taiming umewahi kubadilishwa, kwani Forester hizo zilizotengenezwa kabla ya mwisho wa 2010 hutumia mkanda, na muda wake wa kubadilishwa ni karibu kila kilomita 100,000. Mkanda ukikatika, vali hukutana na pistoni na gharama yake huishinda kwa mbali bei ya mkanda. Kazi hii utaifanya hata kama umeamua kuuza, kwa sababu mnunuzi makini atauliza mambo hayohayo. Halafu jaribu kuipanda Kitonga ukiwa umeshusha gia mapema kwa mkono, kabla mlima haujaanza kukubana, badala ya kusubiri otomatiki yenye gia nne iamue yenyewe ikiwa imeshachelewa.

Sasa tuje kwenye gharama. Mumeo hajakosea kuhusu petroli, ila ameshika sehemu ndogo ya hesabu. Iringa hadi Dar es Salaam na kurudi ni kama kilomita 1,000, na kwa safari mbili kila mwezi unafika kilomita 24,000 kwa mwaka. Tuseme gari lako linakwenda kilomita 10 kwa lita na la turbo linakwenda 8 likiwa na mzigo. Utatumia lita 2,400 kwa lako na 3,000 kwa hilo jingine. Petroli ikiwa shilingi 3,000 kwa lita, nyongeza ni shilingi 1,800,000 kwa mwaka, yaani 150,000 kwa mwezi. Badilisha bei hiyo kila EWURA inapotangaza bei kikomo mpya, lakini ukubwa wa tofauti utabaki hapohapo. Kwa mfanyabiashara anayekwenda Kariakoo mara mbili kwa mwezi, hicho si kiasi cha kuvunja biashara.

Kinachovunja ni vitu vingine. Mhimili wa turbo huzunguka mara nyingi zaidi ya laki moja kwa dakika, na kinachoulinda ni utando mwembamba wa oili. Oili ikichakaa, ikipungua au ikiwa ya bandia, turbo huanza kuungua taratibu bila wewe kusikia chochote, mpaka siku unapouona moshi wa buluu. Kwa sababu hiyo gari la turbo linataka oili halisi ya sintetiki, lita 5 hivi kila mara, na mimi singeruhusu lizidishe kilomita 5,000 bila kubadilishwa. Kwa mwendo wako, hiyo ni karibu mara tano kwa mwaka. Injini ya XT hii, inayoitwa FA20, haina mkanda bali mnyororo, jambo ambalo ni nafuu, lakini hunyunyizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Petroli haipiti juu ya vali za kuingizia hewa na kuzisafisha, hivyo masizi hujikusanya hapo na baada ya muda huhitaji kusafishwa na fundi anayejua anachokifanya. Pampu yake ya mgandamizo mkubwa nayo haivumilii petroli chafu ya madumu.

Petroli yenyewe ina jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji. Japani huuza aina mbili, ya kawaida yenye okteni (kipimo cha uwezo wa petroli kutolipuka kabla ya wakati wake) isiyopungua 89 na ya juu yenye okteni isiyopungua 96. Forester yako ilitengenezwa kwa ile ya kawaida, na XT kwa ile ya juu. Fungua kifuniko cha tangi cha XT yoyote iliyotoka Japani na mara nyingi utakuta maandishi ya Kijapani yakiagiza petroli ya daraja la juu. Ikipewa petroli ya okteni pungufu, kompyuta ya gari hurudisha nyuma muda wa cheche ili injini isigonge, na kwa kufanya hivyo hupunguza nguvu na kuongeza ulaji. Farasi 280 zilizoandikwa kwenye tangazo zilipimwa kwa petroli ya huko.

Tairi nazo usizisahau. Subaru husukuma kwa magurudumu yote manne muda wote, kwa hiyo tairi zote zinapaswa kulingana kwa ukubwa na kwa uchakavu, la sivyo mfumo wa kugawa nguvu kati ya mbele na nyuma hufanya kazi bila kupumzika na hatimaye huharibika. Hilo unalijua tayari kwa gari ulilonalo, ila XT huja na rimu kubwa zaidi, za 17 au 18, na bei ya seti ya nne hupanda pamoja nazo. Breki vilevile hulika haraka kwa sababu gari ni zito zaidi na hufika kasi kubwa upesi. Kwenye mteremko wa Kitonga lazima ushushe gia na uiache injini ishikilie gari, iwe una turbo au huna.

Baada ya hayo yote, gari la kijana huyo uliache. Sisemi hivyo kwa kumdhania ubaya. Injini iliyoongezwa nguvu kwa kompyuta imeambiwa isukume hewa nyingi zaidi na ichome petroli kwa mpangilio ambao kiwanda hakikuupitisha, na kama mpangilio huo uliandikwa kwa petroli bora kuliko unayoipata Ruaha Mbuyuni, pistoni ndizo zinazolipa. Huna njia rahisi ya kujua aliyeiandika alikuwa na ujuzi gani, wala gari limeendeshwa namna gani tangu hapo, na watu hawaongezi farasi 40 ili waendeshe polepole. Zaidi ya hayo, kampuni ya bima iliyokuandikia bima kubwa kwa gari la kawaida inaweza kukuletea mgogoro siku ya ajali ikigundua mabadiliko ambayo hayakutajwa kwenye fomu. Na farasi hizo 40 hazikusaidii chochote, kwa kuwa hata XT ambayo haijaguswa ina karibu mara mbili ya nguvu ya kuvuta uliyonayo sasa.

Fikra ya kuhamia turbo, kwa upande mwingine, usiitupe. Tafuta XT ambayo haijaguswa. Toleo hili halina ile pua ya juu ya boneti ambayo watu wamezoea kuitambulia Subaru ya turbo, kwani hewa ya kupoozea hupitia kwenye grili ya mbele. Alama zilizo rahisi kuziona ni ekzosi mbili nyuma, kulia na kushoto. Nenda kuliangalia asubuhi, injini ikiwa baridi, na uweke mkono juu ya boneti kabla ya jambo lolote, maana muuzaji aliyeliwasha kabla hujafika huenda kuna mlio anaouficha. Likiwashwa, simama nyuma uangalie moshi, kisha ufungue kifuniko cha oili na uangalie kama kuna uchafu mzito mweusi ulioganda kwa ndani. Mwambie fundi wako, si wake, afungue bomba la hewa linaloingia kwenye turbo na aushike mhimili kwa vidole viwili. Ukichezacheza kidogo sana upande kwa upande ni kawaida. Ukisogea mbele na nyuma, au mapanga ya feni yakiwa yamekwaruzwa na ukuta wake, funga mazungumzo. Ulizia risiti za oili. Muuzaji ambaye hana hata moja amekujibu tayari.

Na fedha? Ukiingiza milioni 14 zote kwenye ununuzi, utakuwa na gari lenye nguvu na mfuko usio na kitu, na kwa gari la aina hii hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote. Singependa ununue mpaka uwe na angalau milioni 4 zinazobaki baada ya kubadilisha umiliki na kulipa bima, kwa ajili ya tairi, breki, oili ya giaboksi na yale ambayo yatajitokeza katika mwaka wa kwanza. Kama hilo halijawezekana, ipo njia nyingine ambayo huenda hujaipigia hesabu: tuma mzigo kwa magari ya mizigo yanayopakia Kariakoo kwenda Iringa, nawe urudi na gari jepesi. Linganisha nauli ya mizigo kwa mwaka mzima na ile nyongeza ya petroli, oili na tairi. Inawezekana kabisa Forester yako, ikiwa imefanyiwa kazi niliyoitaja na haina robota za vitenge mgongoni, ikaipanda Kitonga vizuri kwa miaka mingine kadhaa, huku akiba yako ikiongeza bidhaa dukani.

Ukiamua kuagiza mwenyewe kutoka Japani badala ya kununua lililokwisha kutumika nchini, jua kwamba ushuru wa bidhaa wa Tanzania kwa magari madogo hupangwa kwa ukubwa wa injini na si kwa farasi, kwa hiyo XT ya lita 2 ipo kwenye daraja lilelile la asilimia 5 kama Forester ya kawaida. Kinachouma ni umri. Gari lililozidi miaka 10 huongezewa asilimia 30, na la kati ya miaka 8 na 10 huongezewa asilimia 15, ukiacha kodi nyingine zote.

SWALI: Ninayo Forester ya 2005 isiyo na turbo, bodi yake safi kabisa. Fundi mmoja hapa Tanga ananiambia hakuna haja ya kuuza, ninunue injini ya turbo iliyotumika kutoka Japani anifungie, na nitakuwa na gari la turbo kwa nusu ya gharama. Ni kweli? — Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu yangu, injini ni sehemu tu ya kazi hiyo. Injini ya turbo ya kizazi hicho hupoozwa hewa yake na kipoozeo kinachokaa juu yake, nacho hupata upepo kupitia tundu la kwenye boneti, kwa hiyo boneti yako nayo haitafaa. Utahitaji kompyuta yake, nyaya zake, pampu ya petroli yenye uwezo mkubwa zaidi, ekzosi yake na rejeta iliyo nzima kabisa. Giaboksi ya gari lako ilitengenezwa kwa nguvu ndogo, na ukibadilisha giaboksi bila kuhakikisha kwamba uwiano wa difu ya nyuma unalingana nayo, magurudumu ya mbele na ya nyuma yatakuwa yanashindana kila mita unayokwenda mpaka kitu kikatike. Breki zako nazo ni za gari la kawaida.

Wapo wanaokushauri njia fupi zaidi, kubakiza injini yako na kuifungia turbo tu. Hiyo ni mbaya kuliko ya kwanza, kwa sababu injini isiyo na turbo hubana mchanganyiko wa hewa na petroli kwa uwiano wa karibu 10 kwa 1, wakati zile za kizazi hicho zilizoandaliwa kwa turbo hubana kwa karibu 8 au 9 kwa 1, na pistoni zake zimetengenezwa kwa kujua hivyo. Ukisukuma hewa ya ziada ndani ya injini ya kwanza, petroli hulipuka kabla ya wakati wake na gari linanoki.

Likifanywa kwa ukamilifu, kwa kununua gari zima lililokatwa pamoja na kila kilichomo, jambo hilo linawezekana, na wapo mafundi nchini waliolifanya vizuri. Lakini nusu ya gharama uliyoahidiwa haipo. Kumbuka pia kwamba kadi ya gari hubeba namba ya injini, kwa hiyo mabadiliko hayo lazima yaandikishwe TRA, na bila nyaraka halali za injini unayoinunua utapata taabu siku ya kuuza. Ushauri wangu ni uuze gari lako kwa bei nzuri inayostahili bodi safi, ukanunue lililotoka kiwandani na turbo.

SWALI: Mimi niko Nakuru, Kenya. Naendesha Volkswagen Golf ya 2014, injini ya 1.4 TSI, farasi 140, na giaboksi ya otomatiki ya gia saba. Siku hizi inatetemeka nikianza kuondoka kwenye foleni. Nina nafasi ya kununua Golf GTI ya 2016 kutoka kwa mtu ninayemfahamu, lakini rafiki zangu wananiambia GTI ni anasa, afadhali niiongeze hii yangu nguvu kwa kompyuta. Wewe waonaje? — Msomaji, Nakuru

JIBU: Ndugu wa Nakuru, kwako nina jibu tofauti na nililompa dada wa Iringa, na sababu yake ni hiyo giaboksi unayoilalamikia. Gari lako tayari lina turbo, kwa hiyo mwinuko wa Nakuru haukunyimi mengi. Kutetemeka huko kunatokana na giaboksi ambayo Volkswagen huiita DQ200, yenye klachi mbili zinazofanya kazi zikiwa kavu. Ilitengenezwa kuwa nyepesi na kupunguza ulaji wa petroli, na kwenye barabara kuu hufanya kazi nzuri, lakini foleni ya kuondoka na kusimama huzichosha klachi zake, na kifaa kinachoiongoza kimewasumbua wamiliki wengi kiasi kwamba mwaka 2013 Volkswagen iliyaita magari yapatayo milioni 1.6 duniani ili kubadilisha oili ya giaboksi hiyo.

GTI ya 2016 haitumii giaboksi hiyo. Ina ya gia sita, iitwayo DQ250, ambayo klachi zake huzama ndani ya oili inayozipooza. Imeundwa kubeba nguvu kubwa, na injini ya lita 2 ya GTI hutoa farasi 220 na Nyutoni-mita 350. Kwa hiyo huko unakohamia, kitu kinachokusumbua leo kimewekwa imara zaidi, na hilo haliwezi kuitwa anasa. Breki zake ni kubwa zaidi pia. Utakachopoteza ni nafasi ya chini, kwa kuwa GTI imeshushwa milimita 15 kuliko Golf ya kawaida, na matuta ya mitaani utayapanda kwa pembeni na kwa uangalifu.

Ushauri wa rafiki zako wa kuongeza nguvu kwa kompyuta ndio unaonitia hofu. Giaboksi yako iliundwa kubeba Nyutoni-mita 250, na injini yako ya farasi 140 tayari inatoa hizo 250. Hakuna nafasi iliyobaki. Mtu akikuongezea nguvu kwenye gari ambalo klachi zake zimeanza kutetemeka, anazimalizia.

Kwa hiyo, ikiwa GTI hiyo haijaguswa na bei yake inakuachia akiba, mimi ningehamia. Mwenye gari ni mtu unayemfahamu, basi mwombe jambo moja bila haya: oili ya giaboksi hiyo pamoja na chujio lake hubadilishwa kila kilomita 60,000, akuonyeshe risiti. Kama gari limepita kilomita hizo na risiti haipo, mwambie kazi hiyo ifanywe kabla hujalipa, kisha uliendeshe polepole kwenye foleni ya Nakuru saa za jioni, likiwa limepata moto, ukisikiliza namna linavyoondoka.